Unga wa Mjomba na Rangi Yangu ya Mafuta

Mjomba wangu alikuwa mganga huko juu milimani, na mimi nilikuwa mchora vibao mjini Morogoro. Watu wakisikia hivyo hucheka, kisha huuliza kama aliniachia mikoba. Kwetu Waluguru swali hilo si la mzaha. Mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake, si na mwanawe wa kumzaa. Mjomba alikuwa na dada mmoja tu, ndiye mama yetu, na mama alituzaa wawili, mimi na dada yangu niliyemtangulia miaka mitatu. Kwa hiyo mikoba ilikuwa inanisubiri mimi. Niliikataa mapema, kwa kiburi cha kijana aliyemaliza darasa la saba akajiona msomi, na mjomba hakunilazimisha. Alisema tu kwamba macho yangu yanashika vitu mno. Nilidhani ananisifu.

Kufika kwake ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa mguu kutoka Bigwa, unapanda tu mpaka magoti yanakuuliza unakwenda wapi. Hakuwa na mafuvu wala ngozi ya chui. Alikuwa na tunguri mbili za dawa ambazo hakuzigusa sana, ungo wenye unga wa mtama mweupe, kopo la majivu na kopo la udongo mwekundu. Mgonjwa akishaeleza shida yake, mjomba alifagia kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, akachuchumaa, akaanza kuchora, unga ukimtoka kati ya vidole mstari mwembamba usiotetemeka. Alichora shida yenyewe. Kama ni mgongo, ulijua ni mgongo. Kama ni mke aliyekimbia, ulimwona anakimbia. Sijawahi kuona mganga mwingine akifanya kazi namna hiyo.

Akimaliza, alimwambia mgonjwa atazame mpaka aridhike kwamba ndiyo yenyewe. Hapo mgonjwa alivua viatu akapita juu ya picha akiburuza miguu, huku na huku, mpaka ikabaki vumbi. Ilikuwa lazima aifute mwenyewe, kwa miguu yake, asisaidiwe na ndugu wala mganga. Unga uliobaki kuku waliumalizia.

Dada yangu aliolewa na fundi mitambo kutoka Tabora aliyekuwa anafanya kazi kiwandani. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi minne. Ya pili miezi mitano. Ya tatu mitano na wiki mbili. Hospitali walimpa vidonge vya kuongeza damu, wakamwambia apumzike. Mume wake hakumsimanga hata siku moja. Waliomsimanga ni ukoo wetu wenyewe, tena kwa huruma. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa mama yao. Wa kuendeleza nyumba ya mama yetu alikuwa dada peke yake, na asipozaa, hata shamba la migomba lililotulea lingekwenda kwa tumbo lingine. Kila mama mdogo aliyekuja kutusalimu alimtazama tumbo kabla ya kumtazama usoni. Lakini yeye hakuwa anawaza ukoo wala migomba. Alitaka mtoto, basi, na aliponiambia hivyo alinong'ona kama mtu anayeomba kitu kisicho haki yake.

Tulipanda wawili kwenda kwa mjomba, mimi nikiwa nimebeba sukari na sabuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Mmechelewa."

Alimaanisha miaka, siyo saa. Akafagia, akachuchumaa, akamchora mwanamke amelala chali, nywele zake mistari ya majivu. Tumbo lilikuwa wazi kama kikapu kilichotoboka kitako. Mtoto alikuwa nje ya tumbo, amemshika mama yake kisigino kwa mikono miwili, na uso wake ameugeuzia bondeni, kule kwenye njia ya kuondokea. Dada alitazama kwa muda mrefu, machozi yanamtoka bila sauti. Halafu akasema, "Ndiyo hiyo." Akavua kandambili zake, akaivuruga yote.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mikono inaniwasha. Nilikuwa nachora kila siku ya maisha yangu, nembo, herufi, chupa za bia na vichwa vya wanawake waliosukwa nywele, na hakuna mtu aliyewahi kutazama kazi yangu akasema ndiyo hiyo. Nilimwonea wivu mzee wa watu. Tulipokuwa tunaaga akanivuta kando.

"Ya leo umeiona," akasema. "Iache hapa hapa."

Nikasema ndiyo, mjomba.

Miaka hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mwenye dirisha linalotazama barabara alifungua duka, na kila duka lilitaka kibao. Nilikuwa na kibanda changu karibu na stendi, na kazi zilikuja nyingi mpaka nikaanza kuringa, namwambia mtu arudi Alhamisi hata kama sina shughuli. Kisha wakaja waganga. Zamani mganga ulimfuata kwa kuulizia, tena kwa sauti ya chini. Sasa walishuka kwenye mabasi na mabegi yao, huyu wa Sumbawanga, yule wa Pemba, na wengine walikuwa wa Kihonda tu wamejibandika Upemba. Walipanga vyumba, wakaweka mabenchi ya kungojea, wakataka vibao kama kinyozi yeyote. Orodha ya magonjwa yao niliijua kwa moyo: pumu, kifafa, kurudisha mali iliyoibiwa, kumvuta mpenzi aliye mbali, kufaulu mtihani. Pembeni nilichora nyoka na kibuyu, wakaridhika.

Mmoja hakuridhika. Alikuwa mtu mnene wa suti, mcheshi, mwenye saa kubwa mkononi.

"Fundi, nyoka wamejaa mji mzima," akaniambia. "Mimi nataka mtu akipita asimame. Akishasimama, mengine niachie."

Nilikaa siku mbili mbele ya bati tupu. Siku ya tatu niliacha kufikiri, mkono ukaenda wenyewe. Nilijidanganya kwamba siyo ile. Nywele nilizitia rangi nyekundu badala ya majivu, nikaweka na jua nyuma yake. Lakini tumbo lilikuwa lile, kisigino kile, na mtoto ameangalia kule kule. Nikakipeleka, kikatundikwa, na watu wakasimama. Mama mmoja aliyebeba mboga alikaa mbele yake mpaka mchicha ukanyauka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nahesabu wanaosimama, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Siwezi kusema uongo juu ya hilo.

Baada ya hapo kila mganga alitaka kama kile. Nilichora vingine, viwili au vitatu, vyote upande wa stendi, mbali na nyumbani kwa dada. Niliona huo ndio uangalifu. Wachora vibao wenzangu nao hawakulala. Walikuja kusimama na madaftari yao kama wanafunzi, wakanakili, wakaenda kuchora kwa wateja wao. Ningewagombezaje? Na mimi nilikuwa nimenakili.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafundisha chuoni, upande wa Mazimbu. Alikiona kibao akauliza mpaka akanipata. Alitaka nichore picha hiyo kwenye kitambaa, bila herufi, bila pumu wala kifafa. Akasema hiyo ni sanaa ya kisasa. Mimi nilidhani sanaa ya kisasa ni ile ambayo mtu akiulizwa maana yake anakasirika, lakini nikachora. Wakafanya maonyesho kwenye ukumbi, watu wakala karanga wakizunguka, na karatasi iliyogawiwa mlangoni ilisema mimi ni mrithi wa waganga wa milima ya Uluguru. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimevaa shati la kuazima. Mikoba niliikataa kwa mdomo wangu mbele ya mwenyewe, na hapo nikaipokea kwa watu wasiohusika, na nikafurahi. Mkataba wake ulipokwisha, yule mama aliondoka na kile kitambaa kwao Ulaya.

Wakati huo dada alishika mimba ya nne. Ikapita miezi minne. Ikafika mitano, ikapita mitano na wiki mbili, na shemeji akaanza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha siku moja asubuhi dada akaja kibandani kwangu kutoka kliniki, kadi yake mkononi, akaketi juu ya debe la rangi.

"Kaka, ile picha niliifuta?"

"Uliifuta. Nilikuwepo."

"Ile ya njia ya kliniki ni nini basi?"

Nikamwambia siijui, labda ni ya mafundi wengine. Na kweli hiyo ilikuwa ya mafundi wengine, ndiyo maana uongo ulinitoka vizuri.

"Kisigino, kaka," akasema. "Nani mwingine alikiona kile kisigino?"

Nikamweleza yote, hadi karanga za kwenye maonyesho. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru. Yeye aliuliza jambo moja tu, picha hizo ziko ngapi. Nilihesabu zangu kwa vidole, nilipofika za mafundi wengine nikapotea.

Kesho yake nilipanda mlima peke yangu. Nilimkuta mjomba anamenya mihogo. Alinisikiliza bila kusimamisha kisu.

"Niambie cha kufanya, mjomba. Ana mimba ya miezi sita."

"Najua. Ndiyo maana sitakudanganya," akasema. "Mimi nachora kwa unga. Unga naujua unavyokwenda. Hiyo rangi yako ya mafuta siijui inaishi namna gani."

"Akifuta?"

"Akiweza, afute. Kwa miguu yake."

Nilingoja aniongezee neno, hata la kunilaani. Alinipa mihogo ya kwenda nayo. Nilishuka nimekasirika, namkasirikia yeye, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutafuta mganga nikamkuta mzee asiyejua la kufanya, sawa na mimi.

Mtu ataniuliza kama niliamini mambo hayo. Siku zile sikuwa hata na nafasi ya kujiuliza. Nilimwona dada yangu haweki tena mkono tumboni, kama mtu aliyekwisha kuaga. Hilo lilinitosha.

Tulianza na yule mganga wa suti. Nilichukua kibao kipya nilichomchorea, simba mzuri wa kupita kiasi, nikaenda na dada. Mganga alikataa akicheka.

"Fundi, unataka nife njaa? Picha hiyo ndiyo inayonilisha."

Dada akamweleza mwenyewe, kwa heshima, amesimama, mkono kiunoni. Yule bwana ambaye kibao chake kilisema anatibu magonjwa thelathini alimtazama tumbo, kicheko kikamwisha. Hakumwambia aingie ndani, hakumtajia dawa. Alipanda kwenye kiti akakishusha kibao kwa mikono yake.

"Chukua, mama," akasema. "Chukua tu."

Tulikilaza uani kwangu. Rangi ya mafuta haifutiki kwa kuburuza miguu, kila mtu anajua. Nikamimina tina, yale maji makali tunayoyeyushia rangi, nikangoja ilainike. Dada alivua viatu, akanishika bega, akapanda juu ya bati akaanza kusugua. Rangi ilimpanda vidoleni, nyekundu na nyeusi. Harufu ilimfanya akohoe. Nywele zilitoka, tumbo likatoka, mtoto akatoka mpaka kiunoni. Kisigino kiligoma, kilikuwa kimezama ndani ya bati. Nilimwambia imetosha. Akasema bado. Nikamwambia tena, akasema bado, kaka, naye ananishika bega kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Tuliacha jua lilipokuwa kali sana na miguu yake ikawa imeanza kuchubuka. Kwenye bati kilibaki kivuli ambacho mgeni asingekiona, lakini sisi tulikiona.

Wa pili alitufukuza. Wa tatu alikuwa amehamia Gairo na kibao chake. Wa nne naye alikuwa amehamia Kingolwira karibu na stesheni, na mwenyewe amesafiri, mlango umefungwa kwa kufuli. Hicho nilikipaka rangi nyeupe yote pale pale kilipotundikwa, nikarudi kumwambia dada nimekimaliza.

"Umenifunika," akasema. "Nipo chini yake."

Na kila tulipotoka kutafuta kimoja tulikutana na kingine. Kimoja kilikuwa cha saluni. Fundi wake hakujua hata maana yake, aliona tu kwamba picha hiyo inauza. Nilitaka kumpiga, na alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo akaniambia anaheshimu sana kazi yangu.

Mapema kabisa, niliporudi kutoka kwa mjomba, nilikuwa nimemwandikia yule mama wa Ulaya. Mwalimu mmoja wa sekondari alinisaidia Kiingereza. Nilimwomba anirudishie kitambaa, na kama hawezi, basi akifute. Jibu lilikuja dada akiwa na miezi saba na nusu. Ilikuwa barua nzuri sana, ya mtu mwenye moyo. Alisema nisiwe na wasiwasi, anaitunza picha yangu vizuri. Ameitia kwenye fremu na kioo maalumu kisichopitisha jua, na kwa namna ilivyotunzwa itadumu kuliko sisi sote. Ndani ya bahasha aliweka na fotografia, ili nione mwenyewe ilivyopendeza juu ya kochi lake. Kwa hiyo sasa zilikuwa zimeongezeka.

Dada aliniomba nimsomee. Siku zote nilikuwa nimemdanganya pale palipohitaji kweli, na siku hiyo, mjinga mimi, nikachagua kusema kweli neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kioo hicho ni kinene kiasi gani. Nikasema sijui. Akaenda kuanika nguo.

Mtoto alizaliwa mimba ikiwa na miezi minane, saa nne asubuhi, wa kike, hana uhai. Daktari alisema ni presha. Nesi alimuuliza dada amekanyaga nini mpaka miguu ikawa vile, na mimi nilikuwa mlangoni nikasikia, na swali hilo halijaniacha. Huenda ni presha. Huenda ni ile picha. Huenda ni harufu ya tina niliyoimimina kwa mkono wangu, nikijifanya namsaidia. Nimezizungusha sababu hizo tatu kwa miaka mingi, na katika mbili kati yake mimi ndiye niliyefanya.

Kwetu mtoto wa namna hiyo huwa ni wa wanawake. Wao humpokea, humwosha, humzika, na wanaume hawamwoni. Shemeji na mimi tuliketi mbele ya nyumba kwenye benchi. Mjomba alikuwa ameshuka mlimani, naye akaketi nasi. Shemeji aliniuliza kama nadhani anafanana na nani. Nikamjibu sijui. Jioni mjomba alivaa koti lake akarudi kwake.

Wiki kadhaa baadaye dada alikuja kibandani. Nilikuwa nimeacha kuchora watu, nafanya herufi tupu. Aliketi, akavuta pumzi, akaniambia nichukue ubao na penseli.

"Mimi nilimshika," akasema. "Kabla hawajamchukua. Nilimwona vizuri. Sasa naanza kumsahau, kaka. Leo asubuhi nimeutafuta mdomo wake nikaukosa."

Nikachukua ubao na penseli.

"Wewe ukichora kitu hakifutiki," akasema. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anaomba. "Nichoree."

Nikamuuliza alikuwaje. Akasema paji la uso lilikuwa la mama yetu, pana. Nikachora paji la mama. Akasema siyo, pana lakini siyo hivyo. Nyusi zilikuwa chache. Pua haikuwa ya kwetu, labda ya Tabora. Nilichora, nikafuta kwa kifutio, nikachora. Nimechora nyuso za watu nisiowajua maisha yangu yote, lakini wale waliketi mbele yangu. Huyu alikuwa ni wa damu yangu na sikuwahi kumwona, na hakuna aliye hai ninayeweza kumwendea nimtazame. Nilimpa uso mmoja, akasema siyo huyo. Nikampa mwingine. Alikuwa mvumilivu, ananielekeza taratibu kama unavyomwelekeza mgeni nyumba asiyoijua.

"Punguza shavu kidogo," akasema.

Nikapunguza. Akaushika ubao kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akanirudishia. Kisha akaanza kunieleza upya, kuanzia paji la uso.